Sentimita 30: kisa cha pikapu fupi na nyumba ya kukokotwa

Simu ilikuja Jumamosi asubuhi. "Mzee, gari linaogelea." Ananiita mzee kwa sababu ya mvi, tumepishana miaka minane tu.

Yeye na mkewe ni Wakenya, mimi Mtanzania, na wote tunaishi karibu na Dallas, Texas. Mke ni nesi wa mikataba: hospitali inamchukua kwa wiki 13, zikiisha anahamia mji mwingine. Walichoka kupanga vyumba vya miezi mitatu mitatu, wakanunua nyumba ya kukokotwa iliyotumika, ya urefu wa mita tisa. Mbele imeinuka kama kifua cha jogoo, na haifungwi kwenye bampa. Inakuja juu ya bodi ya pikapu na kukaa humo ndani. Walikuwa wameivuta kilomita 60 hivi kutoka kwa aliyewauzia. Kila lori kubwa lilipowapita, usukani ulikuwa mwepesi kama wa baiskeli, mkia wa gari ukisogea upande mmoja na pua upande wa pili.

Nilimwambia asiliguse mpaka nifike na timazi, ule uzi wa mafundi wenye kipande kizito mwishoni.

Kabla ya Marekani niliendesha matrela kati ya Dar es Salaam na Tunduma, kwa hiyo kifaa cha kuungia trela ya aina hii si kigeni kwangu. Kwenye lori ni ile sahani nzito yenye mdomo, iliyopakwa grisi, ambayo kingipini, ile pini nene ya chuma iliyo chini ya pua ya trela, huingia na kufungwa na taya. Ya pikapu ni mdogo wake: sahani ile ile, kingipini yenye unene wa inchi mbili ile ile, ila inasimama kwenye miguu ndani ya bodi, na miguu imefungwa kwenye reli mbili za chuma zilizopitishwa boliti hadi kwenye chasisi. Pale ilipo sahani ndipo sehemu kubwa ya uzito wa mbele wa trela inaposhukia, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wote wa trela.

Kanuni ya mahali pa kuiweka haizidi sentensi moja: katikati ya sahani iwe juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, sentimita tano hivi, kamwe isiwe nyuma yake. Hata kwenye malori ya Tunduma sahani hukaa mbele ya katikati ya ekseli za nyuma, ili matairi ya usukani nayo yapate sehemu yake ya mzigo.

Nilining'iniza timazi kutoka ukingo wa bodi mpaka ikalenga katikati ya kikombe cha tairi la nyuma, nikabandika kipande cha tepu ukingoni, nikarudia upande wa pili, kisha nikavuta uzi toka tepu hadi tepu. Uzi ndio ekseli. Watu wengi hukadiria kwa macho wakifuata tao la tairi, na tao hudanganya, kwa sababu si lazima katikati yake iwe katikati ya tairi. Uzi wetu ulipita mbele ya sahani. Nilipima mara mbili: sentimita 25. Sahani ilikuwa nyuma ya ekseli kwa sentimita 25.

"Aliyefunga ni fundi au adui?" shemeji, yaani mkewe, aliuliza akiwa mlangoni na kikombe cha chai.

Ni fundi, na hakuwa mjinga. Hapo ndipo kisa hiki kinapopata utamu, kwa sababu alikuwa anakwepa tatizo la kweli.

Pikapu yao ina milango minne na bodi fupi, ile ya futi sita na nusu. Ni ya daraja ambalo Wamarekani bado wanaliita la robo tatu ya tani. Jina limebaki kama mabaki ya zama, maana siku hizi hubeba zaidi ya hapo. Kutoka kioo cha nyuma cha kabini hadi katikati ya ekseli nilipata sentimita 107. Trela ina upana wa sentimita 244, kwa hiyo kutoka kingipini hadi ubavu ni 122. Sasa weka sahani inapotakiwa, sentimita tano mbele ya ekseli: umbali hadi kabini unabaki 102. Piga kona kali wakati wa kurudi nyuma, bega la trela lenye urefu wa 122 linataka kupita kwenye nafasi ya 102. Hakuna hesabu ya shule ya msingi itakayoliruhusu.

Fundi aliliona hilo. Akasogeza sahani nyuma mpaka nafasi ikawa 132, akapata sentimita 10 za kupumulia, akafunga boliti, akalipwa. Na kweli kioo hakikuguswa.

Hata hiyo 10 haikuwa 10. Pua ya trela hii inapita mbele ya kingipini kwa sentimita 30. Bega la trela halifiki mbele zaidi gari likiwa limekunjwa nyuzi 90 kama wengi tunavyodhani. Linafika mbali zaidi kabla ya hapo, kwenye nyuzi 76 hivi, kwa sababu kinachozunguka ni ile kona, na umbali wa kona kutoka kingipini ni mshazari wa 122 na 30, yaani karibu 126. Nafasi yake ya kupumulia ilikuwa sita. Ukipima kwa gari lililonyooka, au ukiwaza nyuzi 90 peke yake, utaikosa. Nimeona watu wakisukuma trela kwenye uwanja mtupu, wakafika 90, wakashangilia, na alama ya mkwaruzo iko kwenye nguzo ya kabini tangu sekunde tatu zilizopita.

Na kama sahani ingekuwa mahali pake halali, kona ingegusa kioo kwenye nyuzi 40 tu. Hiyo ni kona ya kawaida ya kuingia kituo cha mafuta.

Basi bodi fupi inakuweka kati ya mabwana wawili. Kabini inataka sahani irudi nyuma, ekseli inataka iende mbele, na wanagombania sentimita 30. Fundi alimtii bwana anayeonekana. Kioo kikipasuka mteja anarudi na mayowe. Usukani ukiwa mwepesi, mteja anadhani ndivyo trela zilivyo.

Nilitaka kujua wepesi ule ulitoka wapi hasa, maana maelezo ya vijiweni ni kwamba uzito ulio nyuma ya ekseli unanyanyua pua kama ubao wa kubembea. Twende na hesabu. Umbali kati ya ekseli mbili za pikapu hii ni sentimita 406. Uzito unaoshuka kwenye sahani ukizidishwa kwa 25 na kugawanywa kwa 406 ndio unaoondoka kwenye matairi ya mbele.

Tukaenda mizani. Hapa Marekani vituo vikubwa vya malori vina mizani za kulipia, zenye majukwaa yaliyogawanyika, ekseli za mbele, za nyuma na za trela zote zinapimwa kwa pamoja. Unabonyeza kitufe, unasema na mtu kwenye spika, unachukua karatasi. Anayeikumbuka foleni ya mizani ya Vigwaza kule Tanzania atacheka akiona watu wanalipa kwa hiari yao kupimwa. Tulipima mara mbili, mara ya kwanza pamoja na trela, mara ya pili pikapu peke yake ikiwa na watu wale wale na tangi lililojaa.

Pikapu peke yake, nikigeuza pauni kuwa kilo: mbele 2,170, nyuma 1,630, jumla 3,800. Ikiwa na trela: mbele 2,110, nyuma 2,650, jumla 4,760. Ekseli za trela 3,840.

Tofauti ya 4,760 na 3,800 ni 960. Huo ndio uzito wa kingipini, asilimia 20 kamili ya trela yenye kilo 4,800. Na mbele pamepungua kilo 60, sawasawa na hesabu ya karatasi.

Kilo 60. Ndoo tatu za maji, kati ya kilo elfu mbili na ushee. Hakuna usukani unaogeuka baiskeli kwa ndoo tatu. Kwa hiyo hadithi ya ubao wa kubembea ni ya kweli kwa mwelekeo lakini ndogo kwa kiasi, na mtu anayekuambia gari litanyanyuka pua kwa sababu ya inchi mbili anakutisha bure.

Madhara ya kukaa nyuma ya ekseli, kwa maoni yangu, yako zaidi ubavuni. Lori likipita, upepo unasukuma ukuta wa trela wenye urefu wa mita tisa, na msukumo huo unafika kwenye pikapu kupitia kingipini. Kingipini ikiwa juu ya ekseli, matairi ya nyuma yanaupokea msukumo wote na pua haijui kilichotokea. Ikiwa nyuma ya ekseli, msukumo unakuwa na mkono: unapeleka mkia kushoto na pua kulia, na dereva anarekebisha kitu ambacho hakukifanya. Ndiyo sababu trela za kufungwa kwenye bampa, ambazo mpira wake uko mita moja na nusu hivi nyuma ya ekseli, zina sifa mbaya ya kutikisa mkia. Sentimita 25 si mita moja na nusu. Ila mtu amenunua aina hii ya trela ili auondoe mkono huo kabisa, halafu fundi amemrudishia kipande.

Na kulikuwa na wasaidizi. Upepo wa matairi ya nyuma ulikuwa wa gari tupu, chini sana ya uliotajwa kwenye kibandiko cha mlango kwa ajili ya mzigo, hivyo kuta za matairi zilikuwa zinajikunja kabla ya gari kuitikia. Trela nayo ilisimama pua juu. Fundi alikuwa ameinua sahani ili apate nafasi kati ya tumbo la trela na kingo za bodi, akapitiliza. Nafasi hiyo inatosha ikiwa sentimita 14 au 15, tulikuta 20.

Lakini sikuwa nimemaliza na kibandiko cha mlango.

Hapo juu nimetaja jumla ya 4,760. Kibandiko cha pikapu kinasema uzito wake wote, na kila kilicho ndani na juu yake, usizidi pauni 10,000, yaani kilo 4,536. Cha pili, kile cha manjano na nyeupe, kinasema watu na mizigo pamoja wasizidi kilo 1,050 nikizungusha. Walikuwa wamezidi kwa kilo 224. Tulikuwa tumekesha tukigombania sentimita, na kilo zimeandikwa mlangoni tangu gari lilipotoka kiwandani.

Jamaa hakulipenda hilo. "Lakini tangazo lilisema linavuta hadi tani sita na zaidi." Linavuta, ndiyo. Kuvuta ni injini, giaboksi na breki. Kubeba ni springi, ekseli na matairi, na trela ya aina hii inabebwa kabla ya kuvutwa: moja ya tano yake inapanda mgongoni. Muuzaji wa pikapu hutaja namba ya kuvuta kwa sababu ndiyo kubwa. Hata orodha ya mauzo ya trela yao ilitaja kingipini kilo 700, na si uongo, ni uzito wa trela tupu, bila sufuria, bila nguo, bila jenereta.

Kuisogeza sahani hakupunguzi hata kilo moja ya hizo 224. Hilo nililirudia mara kadhaa, maana tayari alishaanza kuniambia tukiisogeza mbele matairi ya mbele yatasaidia. Yatasaidia kwa kilo 12.

Tukazigawa kazi mbili.

Kazi ya mahali: njia zilikuwa kadhaa. Kuna kichwa kirefu cha kingipini kinachoisogeza mbele kwa sentimita 30 hivi, ili pua ya trela ibaki nyuma. Nilipiga hesabu: pua ingekuwa sawa na kingipini, lakini bega bado ni 122 na nafasi ni 102. Haitoshi, na inaipa fremu ya trela mkono mrefu wa kupindishwa. Kuna kichwa kinachozungukia nyuma zaidi badala ya kwenye kingipini. Ni kizuri, ila kinataka sahani ifungwe kabari isizunguke, na bei yake ilimfanya jamaa anyamaze. Kuna kubadilisha pikapu, kuchukua yenye bodi ya futi nane, ambayo ekseli iko kama sentimita 40 mbali zaidi na kabini. Hapo mjadala wote unakufa. Ndiyo ningempendekezea mtu ambaye hajanunua.

Yeye alishanunua. Tukachukua sahani ya kuteleza. Inakaa kwenye reli zake fupi na ina vituo viwili: cha barabarani, sentimita tano mbele ya ekseli, na cha kukatia kona, sentimita 25 nyuma yake. Nyuma ya ekseli, kwa hiyo, inafika pale pale alipoiweka yule fundi, tofauti ikiwa kwamba inakaa hapo kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu inarudi.

Ufungaji wenyewe sitaueleza wote. Fundi wa kwanza alitumia vyuma vya jumla, ndiyo maana aliweza kuweka reli popote alipotaka. Sisi tuliagiza vibano vilivyokatwa kwa ajili ya pikapu ya aina hiyo na mwaka huo. Vinashika matundu ambayo tayari yako kwenye chasisi, na ukiviheshimu mahali pa ekseli panajipata penyewe. Hatukutoboa chasisi wala kuichomelea. Sakafu ya bodi tu ndiyo ilitobolewa, baada ya mtu kulala chini na tochi kuangalia mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya vinapopita. Matundu ya zamani tuliyaziba kwa plagi za mpira. Boliti zilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba iliyo kwenye karatasi ya kiwanda, na zikakaguliwa tena baada ya safari ya kwanza.

Sahani ilishushwa kimo hadi trela ikasimama sawa, nafasi juu ya kingo ikabaki sentimita 15.

Kazi ya kilo ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ilihusu vitu vya watu. Stoo ya trela hizi iko mbele, chini ya chumba cha kulala, mahali pazuri mno pa kutupia kila kizito, na ni mbele karibu na kingipini. Kutoka kingipini hadi katikati ya matairi ya trela ni mita sita. Vyombo vya kazi vya kilo 120 vilikuwa mita 1.2 tu nyuma ya kingipini. Kati ya hizo, 96 zilikuwa zinabebwa na pikapu. Tukavihamishia mita 5.4 nyuma, karibu juu ya matairi ya trela, sasa pikapu inabeba 12. Jenereta la kilo 50 liliuzwa, kambi wanazolala zina umeme. Lilikuwa linaipa pikapu kilo 40. Kingipini ikashuka kutoka 960 hadi 836, na bado ni asilimia 17 na zaidi ya trela. Kuishusha mno nako ni kosa, trela yenye pua nyepesi ndiyo hutikisa mkia.

Sanduku la vifaa la kilo 60 kwenye bodi likatolewa. Bado tukazidi. Sahani mpya yenyewe ina kilo 95, ya zamani ilikuwa 65.

Shemeji ndiye aliyelimaliza. "Kwani mimi nitaenda zamu na hiyo ngamia? Gari langu dogo linakuja." Yeye na mtoto wakawa wanasafiri nyuma kwa gari lake, kilo 100 zikashuka. Hesabu ya mwisho: kingipini 836, sahani 95, dereva 90, jumla 1,021 dhidi ya 1,050. Karatasi ya mizani ilisoma 4,507, chini ya kikomo kwa kilo 29. Inapita. Sijaipenda. Mafuta ya kupikia na mchele wa mwezi mmoja vikiwekwa stoo ya mbele, zimekwisha, na nilimwambia kwamba mkataba mmoja au miwili ikilipa, atafute pikapu ya daraja la juu yake.

Barabarani gari limetulia. Malori yanapita na usukani unabaki mkononi.

Kilichobaki ni mazoea. Sahani hii haijitelezi yenyewe. Gari linasimama likiwa limenyooka, matairi ya trela yanawekewa vigingi, breki za trela zinashikwa kwa kile kidude cha mkononi kwenye dashibodi, mtu anashuka kuvuta wenzo, na pikapu inasogea mbele polepole mpaka sahani ibofye kwenye kituo cha nyuma. Kurudi barabarani ni hivyo hivyo kwa kurudisha gari kinyumenyume. Nilimpakia alama mbili za rangi kwenye reli: ya kijani ikionekana kutoka dirishani, ruksa ya barabara kuu, nyekundu, mwendo wa kutembea. Na kila anapounganisha, kabla ya kukunja miguu ya trela, anavuta kidogo huku breki za trela zimeshikwa, aone taya zimeuma kweli. Kingipini ikikaa juu ya taya badala ya ndani yake, trela itaangukia bodi kwenye tuta la kwanza. Hilo halikuhitaji somo refu. Kila utingo wa Tunduma analijua.

Safari ya pili walikuwa wanakwenda Oklahoma. Alisahau. Aliingia kituo cha mafuta na alama ya kijani bado inang'aa, akaanza kukunja kona kuzunguka pampu, na shemeji aliyekuwa nyuma kwa gari lake akashika honi hakuiachia. Alinitumia picha: kona ya trela na kioo cha kabini, na katikati yake kiganja cha mtoto kimeingia kwa ubapa, vidole vimegusa pande zote mbili.